Jenerali Kuwa Balozi: Sheria Yasemaje, na Sisi wa Pwani Tuangalie Nini

Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Likoni anayeuza nazi katika soko la Tala huko Machakos, ametuletea swali. Anasema wazee wa pale, baadhi yao askari wastaafu, wanashikilia kwamba afisa mkubwa wa jeshi ndiye anayefaa zaidi kupelekwa ubalozini, kwa kuwa ana nidhamu, haogopi na ameiona dunia. Yeye anaona kinyume: mtu aliyezoea kuamrisha hajui kubembeleza. Ametaka kujua sheria yasema nini, na ni sifa zipi hasa zinazotakiwa.

Si ajabu mjadala huu kupamba moto Tala. Ukambani umetoa askari tangu zama za KAR, na Waafrika wawili kati ya wakuu wa mwanzo wa majeshi ya Kenya, Meja Jenerali Joseph Ndolo na Jenerali Jackson Mulinge, walikuwa Wakamba. Mulinge, aliyeongoza majeshi toka 1978 hadi 1986, hakwenda ubalozini. Alipostaafu aliingia siasa akawa mbunge wa Kathiani, si mbali na hapo Tala. Ubalozi ni njia nyingine ambayo majenerali wameipita, na Kenya ya miaka ya karibuni imeitumia zaidi ya mara moja.

Tuanze na sheria. Ibara ya 132 ya Katiba ya 2010 yampa Rais mamlaka ya kuteua mabalozi, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa. Katiba haisemi kwamba lazima balozi awe amekulia katika wizara ya mambo ya nje, wala haimfungii mlango askari aliyestaafu. Kwa nchi za Jumuiya ya Madola cheo hicho hubadilika jina kwa Kiingereza, ila Kiswahili humwita balozi vile vile, na utaratibu wa kumteua ni huo huo.

Jina likifika bungeni, kazi huanguka kwa kamati inayosimamia ulinzi, ujasusi na uhusiano wa nchi za nje. Hebu litazame jambo hili vizuri. Kamati inayompiga msasa balozi ndiyo hiyo hiyo inayosimamia jeshi alilotoka. Wabunge wake huenda wanamjua jenerali huyo kwa miaka, wamekula naye, wamezuru kambi zake. Hilo laweza kusaidia, kwa maana wanajua rekodi yake. Laweza pia kuufanya usaili ukawa maongezi ya marafiki.

Sheria ya mwaka 2011 kuhusu uteuzi unaohitaji idhini ya Bunge inaeleza mambo ambayo kamati yapaswa kuyaangalia: elimu ya mteule, mafunzo na uzoefu wake wa kazi, uadilifu wake na asili yake. Kisha inauliza mambo matatu. Je, utaratibu uliotumika kumpata ulikuwa sawa? Je, ametimiza masharti ya Katiba na sheria kwa kazi hiyo? Na je, uwezo na tabia zake vinalingana na mahitaji ya kazi anayopelekwa? Swali la tatu ndilo lenye uzito kwa afisa wa jeshi, nalo ndilo hupitwa mbio kuliko yote.

Makaratasi ni yale yale anayoyajua kila aliyewahi kuomba kazi ya serikali: barua ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC; cheti cha kulipa ushuru kutoka KRA; cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi, DCI; bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB; na ofisi za taarifa za mikopo. Jenerali na karani wapanga foleni moja hapo. Haya yote yathibitisha kwamba mtu hana deni wala kesi. Hayathibitishi kwamba anajua kazi ya ubalozi.

Uraia ni jambo la kushika kwa makini. Ibara ya 78 yasema afisa wa dola na mwanajeshi hawaruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwaka 2019 Mwende Mwinzi alipoteuliwa kwenda Korea Kusini, Bunge lilimtaka kwanza aukane uraia wake wa Marekani, alikozaliwa. Akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikasema mwaka huo huo kwamba balozi si afisa wa dola kwa maana ya ibara hiyo. Mwishowe alikwenda Seoul. Kwa hivyo kikwazo hicho chamkabili askari akiwa bado na magwanda. Akishavua na kupelekwa ubalozini, hesabu ni nyingine.

Hata Bunge likishakubali, safari haijaisha. Mkataba wa Vienna wa 1961 juu ya uhusiano wa kibalozi wataka nchi inayotuma iombe ridhaa ya nchi mwenyeji kwanza, na nchi mwenyeji ikikataa hailazimiki kutoa sababu. Hapa ndipo cheo cha jeshi kinapoanza kuwa na maana yake. Mkataba huo huo wataja waambata wa kijeshi peke yao na kuipa nchi mwenyeji haki ya kutaka majina yao mapema. Nchi zote hujua kwamba mwanajeshi akiingia, macho na masikio ya jeshi la kwao yameingia pia. Jenerali mstaafu si mwambata, lakini wenyeji wake hawasahau alikotoka.

Sasa tugeukie hoja ya wazee wa Tala, kwa sababu wana ushahidi mzuri, na ushahidi huo uko kaunti yao wenyewe.

Julai 20, 2002, katika mji wa Machakos, serikali ya Sudan na wapiganaji wa SPLM walitia saini Itifaki ya Machakos. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili yaliyoshindikana kwa miaka: watu wa Kusini wapewe haki ya kupiga kura juu ya hatima yao baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita, na sheria ya Kiislamu ibaki Kaskazini isitumike Kusini. Aliyesimamia mazungumzo hayo kwa niaba ya nchi za IGAD alikuwa Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, mtu wa jeshi la nchi kavu hata akaliongoza. Rais Moi alimkabidhi kazi hiyo mwishoni mwa 2001.

Wasomi wengi wa diplomasia waliishika kesi ya Sudan kabla yake ikawaponyoka. Kilichomsaidia jenerali ni nini? Kwanza, waliokaa mezani walikuwa wapiganaji, na mpiganaji humsikiliza mpiganaji. Akiambiwa kwamba kikosi fulani chaweza kusogezwa kwa muda fulani na aliyewahi kuvisogeza vikosi, haanzi kubishana kwa ujuaji. Pili ni subira ya mtu aliyezoea kazi isiyoisha leo. Mwaka 2003 rasimu iliyotolewa Nakuru ilikataliwa na Khartoum kwa hasira, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hakufunga virago. Mazungumzo yakahamia Naivasha, John Garang na Ali Osman Taha wakakaa wao kwa wao, na Septemba mwaka huo mkataba wa mambo ya ulinzi ukapatikana. Januari 9, 2005, mkataba mkubwa wa amani ulitiwa saini Nairobi. Sudan Kusini ikapiga kura 2011 na kuwa nchi. Yaliyotokea huko baadaye ni mengine, na Sumbeiywo mwenyewe amerudishwa kuyapatanisha: mwaka 2024 ndiye aliyeongoza mazungumzo ya Tumaini jijini Nairobi.

Hakuwa peke yake. Luteni Jenerali Daniel Opande alikuwa Namibia 1989 wakati nchi hiyo inajiandaa kwa uhuru, akaongoza askari wa Umoja wa Mataifa Sierra Leone toka 2000, kisha Liberia. Afisa wa namna hiyo amekaa na marais na waasi, amesoma maazimio ya Baraza la Usalama neno kwa neno, ameongoza vikosi vya mataifa yasiyoelewana lugha. Ongeza na chuo cha ulinzi cha taifa kule Karen, kilichofunguliwa 1997, ambako maafisa wa ngazi ya kanali na brigedia husoma mambo ya uhusiano wa kimataifa. Kwa hiyo anayesema jenerali hakusoma, asiseme kabla ya kuangalia.

Lakini upatanishi si ubalozi, na hapa ndugu yetu wa Likoni ana haki yake.

Mpatanishi hupewa jambo moja, hulishughulikia likaisha au likashindikana. Balozi hupewa nchi nzima na kila siku yake. Mkataba wa Vienna wataja kazi zake: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi ya raia wake, kujadiliana na serikali ya huko, kujua hali ya nchi kwa njia za halali na kuiarifu nyumbani, na kukuza urafiki na biashara. Kulinda raia ndiko kunakotugusa sisi. Mijini na vijijini kwetu, kuanzia Mombasa na Kwale hadi Kilifi na Malindi, hakuna mtaa usio na binti aliyekwenda Riyadh, Doha au Muscat kufanya kazi za nyumbani. Mambo yakiharibika, pasipoti iko kwa mwajiri, simu imechukuliwa, na utaratibu wa kafala waweza kumfunga asiondoke bila ruhusa. Akifa huko, Mungu amrehemu, maiti haiji bila karatasi za hospitali, za polisi, za mwajiri na za ubalozi. Anayeshughulika na karatasi hizo ni karani wa ubalozi, na karani hufanya kazi kwa kadiri balozi wake anavyojali.

Je, jenerali anaweza hilo? Anaweza, akitaka. Jeshi lina mila ya kutomwacha mwenzako nyuma, na afisa aliyewahi kupeleka habari za msiba kwa mke wa askari wake anajua uzito wa jeneza. Hatari iko kwingine. Jeshini ukisema jambo lifanyike, hufanyika. Ubalozini hulazimika kumuomba mkurugenzi mdogo wa wizara ya kazi ya nchi nyingine, leo na kesho na mtondo, kwa uso wa bashasha. Huna cha kumuamuru. Kule Muscat wako wenyeji waliozaliwa Unguja au wenye wazee wa Unguja na Mombasa, wanaozungumza Kiswahili kama chetu. Balozi anayejua kuketi nao kwenye kahawa hupata kwa mazungumzo ya jioni moja kitu ambacho barua rasmi kumi hazikukileta. Ujuzi huo haufundishwi katika mazoezi ya vita, ingawa sijasema kwamba hufundishwa vyuoni pia.

Tuna mfano wa karibu zaidi, uliotufika baharini kwetu. Kwa miaka kadhaa balozi wa Kenya nchini Somalia alikuwa Luteni Jenerali mstaafu Lucas Tumbo. Ukitazama karatasi, nani angefaa zaidi? Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, yakaikamata Kismayo mwaka uliofuata, na Mogadishu si mahali pa balozi wa kuogopa mlio wa bunduki. Februari 2019, Nairobi ilimuita nyumbani baada ya kuishutumu Somalia kwamba imenadi London vitalu vya mafuta vilivyomo katika eneo la bahari linalogombaniwa. Alirudi baadaye. Mwishoni mwa Novemba 2020, Somalia ndiyo iliyomfukuza, ikidai Kenya inaingilia uchaguzi wa Jubaland. Desemba ikakata uhusiano wote, hadi Mei 2021 Qatar ilipoingia kati. Kisha Oktoba 12, 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mpaka mpya wa bahari na kuipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa, la zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Kenya iliikataa hukumu hiyo. Wavuvi wa Kiunga na Kizingitini ndio wanaoijua maana ya mstari huo, kwani samaki hawasomi ramani.

Sisemi kwamba balozi ndiye aliyeyasababisha. Ugomvi wa mpaka ulianza kabla yake, na maamuzi yalifanywa Nairobi na Mogadishu na watu wakubwa kuliko yeye. Nasema hivi: nchi yenye askari wake ndani ya nchi nyingine, ikampeleka huko jenerali kuwa balozi, imewarahisishia wapinzani maneno. Shutuma ya kuingilia mambo ya ndani, ambayo Mkataba wa Vienna wawakataza mabalozi wote, humnata haraka mtu aliyewahi kuvaa nyota mabegani. Palipo na vita, ujuzi wa jenerali ni mali, lakini hapo hapo cheo chake huwa mzigo. Sudan Kusini ni tofauti kidogo. Meja Jenerali mstaafu Samuel Nandwa alikuwa balozi wetu Juba, mji ambao nusu ya wakubwa wake walitoka msituni, na Kenya haikuwa na ugomvi wa mpaka wa bahari nao.

Majirani wetu wana mazoea yao. Tanzania, ambako Rais huteua mabalozi bila ya kupitia Bunge, imewapeleka ubalozini angalau watu watatu waliowahi kuwa Mnadhimu Mkuu wa JWTZ: Abdulrahman Shimbo alikwenda China, Yacoub Hassan Mohamed Uturuki, na Mathew Mkingule Zambia. Paul Mella, aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa Darfur, akawa balozi Kinshasa, na hapo mtu waweza kuuona uhusiano wa kazi ya kwanza na ya pili. Rwanda ilimleta Dar es Salaam Jenerali Patrick Nyamvumba, naye pia wa Darfur. Uganda ina mfano usiopendeza: Meja Jenerali Matayo Kyaligonza, balozi wake Burundi, alijikuta katika kashfa mwaka 2019 baada ya askari wa trafiki, mwanamke, kushambuliwa barabarani Seeta na watu wa msafara wake. Kinga ya kibalozi humlinda mtu nje ya nchi yake. Nyumbani yeye ni raia kama wengine, na tabia ya barabarani husafiri hadi magazeti ya nchi mwenyeji.

Kuna na lile wanalolinong'ona watu, kwamba ubalozi ni mahali pa kumtupia afisa asiyetakiwa nyumbani. Halikutoka hewani. Kayumba Nyamwasa alikuwa mkuu wa jeshi la Rwanda kabla ya kupelekwa India kuwa balozi mwaka 2004. Mwaka 2010 akakimbilia Afrika Kusini akiwa mpinzani wa serikali yake. Ukraine ilimuondoa Jenerali Valeriy Zaluzhnyi katika uongozi wa majeshi Februari 2024, kisha ikampeleka London kuwa balozi. Huenda akafanya kazi nzuri, na wako waliofanya: Marekani ilimpeleka Saudia jenerali wake mstaafu John Abizaid, mtu aliyejifunza Kiarabu tangu ujana na kulijua eneo hilo kwa miongo. Tofauti iko katika sababu ya kumteua. Mtu aliyechaguliwa kwa kuwa anaijua nchi anayokwenda, na mtu aliyechaguliwa ili aondoke alipo, wanaweza kuwa na vyeo sawa na nishani sawa.

Kwa hivyo wakati jina la afisa wa jeshi linapopelekwa bungeni, maswali yanayofaa yanaeleweka hata bila kusoma sheria. Anaijua nchi anayopelekwa, au amepewa ile iliyokuwa wazi? Anazungumza lugha ya huko, na kama hazungumzi, ameanza kujifunza? Amewahi kuongoza raia wasiovaa sare, ambao wanaweza kumwambia hapana? Alipokuwa katika vikosi vya kimataifa aliongoza nini hasa, maana kuwa kambini mwaka mmoja si sawa na kuongoza ujumbe? Tenda na manunuzi yaliyopita mikononi mwake jeshini yalikaguliwaje? Anastaafu lini jeshini, na pensheni yake pamoja na nafasi nyingine alizo nazo katika mashirika ya serikali zinalingana vipi na ibara ya 77, inayomzuia afisa wa dola mstaafu anayekula pensheni ya umma kushika zaidi ya kazi mbili za malipo katika mashirika au taasisi za dola kwa wakati mmoja? Na la kwetu: atafanya nini wiki ya kwanza binti wa Kwale akipiga simu usiku kutoka nyumba ya mwajiri?

Mwananchi anaweza kuyapeleka mwenyewe. Sheria ile ya 2011 yataka umma uarifiwe siku ya usaili mapema, na tangazo hutoka magazetini likiwa na majina yote na nchi wanakopelekwa. Mtu yeyote mwenye ushahidi kwamba mteule hafai huandika maelezo yake, akaapa mbele ya kamishna wa viapo au wakili, na kuyawasilisha kwa Karani wa Bunge la Taifa kabla ya usaili. Barua isiyo na kiapo huwekwa kando. Usaili wenyewe ni wa wazi, na mtu wa Tala ana haki ya kuingia na kusikiliza sawa na mtu wa Mvita, ingawa nauli yake ni ndogo. Lakini afanye haraka, kwa sababu sheria imeweka mwisho: Bunge lisipotoa uamuzi katika muda uliowekwa, liwe limesahau au limezozana, mteule huhesabiwa kuwa ameidhinishwa.